Risiti Nne

Mimi hupima vyuma vilivyokufa.
Injini, mabati, vitanda vya hospitali,
milango iliyosahau magari yake,
vyote hupanda sahani yangu hapa Lunga Lunga
na kushuka vikiwa nambari.
Nyumba sikuwahi kupima.

Jumanne ile, manyunyu yakianguka Viwandani,
ikaingia nyumba nyeupe ya magurudumu mawili,
mapazia ya maua dirishani,
ikivutwa na pikapu ya kijani yenye kikohozi.
Akashuka Bwana Musembi, fundi mstaafu wa reli,
mkono bado una mtetemo wa usukani.
"Inayumba," akasema. "Nikigusa themanini tu
mkia unaanza kucheza, kisha unanichezesha mimi.
Pale Mlolongo lori lilitupita,
nikaona mlango wa nyumba yangu kwenye kioo cha pembeni.
Ni upepo."

"Ni mzigo," akasema Bi. Nduku, bila kushuka.

Wana miaka thelathini na minane ya ndoa.
Mizani haijaoana na mtu.

Vyote pamoja: elfu tatu, mia nane na sitini.
Nikawasogeza mbele, pikapu tu ibaki juu ya sahani,
trela chini, ndoano ingali imeshikana:
elfu mbili, mia nne na themanini.
Kisha tukafungua ndoano,
pua ya trela tukaiegemeza kwenye matofali,
pikapu ikarudi peke yake, imeshusha pumzi:
elfu mbili, mia nne na ishirini.

Nikatoa kwa kalamu, nyuma ya risiti.
Sitini.
Nyumba yote ile inaliegemea gari
kwa kilo sitini. Hata mimi,
na siku hiyo sikuwa nimekunywa chai, ninazidi.

"Pua nyepesi, mkia mzito," nikasema.
"Ilitakiwa mia na hamsini hivi.
Kule nyuma kumelala nini?"

"Blanketi," akasema Musembi.

Hapo ndipo Bi. Nduku aliposhuka.
Akaingia, akainua godoro la mwisho.
Mifuko minne ya saruji,
imefunikwa kwa leso zake mwenyewe.

"Uliniambia tunakwenda kuona tembo."
"Tembo tutawaona."
"Na hii?"
Musembi akavitazama viatu vyake.
"Ni ya kaburi la mama. Mwaka wa tatu huu.
Udongo umebonyea. Nilijua ungesema…"
"Ningesema nini?"

Hakujibu. Akajibu yeye, akinielekea mimi,
karani asiyemjua, mwenye kalamu sikioni:
"Mama huyo hakuniita jina langu hata siku moja.
Alikuwa akisema, mwambie yule alete maji."

Nilitafuta neno. Nikapata la kazi tu.
"Uzito si mwingi, mama. Trela inauweza.
Ila umewekwa nyuma."

Akanitazama kama niliyemtukana.
Kisha akakunja mikono ya sweta,
akashika pembe ya mfuko wa kwanza.
"Shika kule," akamwambia mumewe,
"na usijifanye una mgongo."

Mfuko baada ya mfuko, mita mbili mbele,
hadi mbele kidogo ya ekseli,
wakigombana kuhusu nani anavuta na nani anasukuma,
vumbi la kijivu likimtua Nduku kwenye nyusi
hadi akawa kama kitu kilichofinyangwa jana
na hakijakauka.

Pikapu juu, trela chini, ndoano imeshikana:
elfu mbili, mia tano na themanini.
Jumla ni ile ile.
Hakuna kilichoshushwa.
Nikawalipisha mia mbili za mara ya nne pia,
mashine haijui msiba.

Walipokata kona, nyumba ilifuata gari
kama uzi unavyofuata sindano.

Risiti tatu waliziacha mezani.
Ya nne Bi. Nduku aliikunja ndogo, ndogo zaidi,
akaisunda pale anapoweka pesa.
Nyuma yake lori la mabati lilikuwa linapiga honi,
dereva ananiuliza kama nimelala.